Wachezaji wa Benchi wa Southwestern

Katika mji wa Detroit, ukiwakuta watu waliovuka miaka 45 wakizungumzia mpira wa kikapu wa shule za sekondari, haichukui muda kabla jina la Southwestern halijatajwa, na likishatajwa mazungumzo huhamia moja kwa moja kwenye miaka ya 1990 na 1991, shule hiyo ilipotwaa ubingwa wa jimbo la Michigan katika Daraja A, ambalo wakati huo lilikuwa daraja la shule kubwa kuliko zote. Hapo ndipo majina yanapoanza kutiririka: Jalen Rose, Voshon Lenard, Howard Eisley. Watatu hao walivaa jezi ya shule moja ya umma, wakaenda vyuo vikuu vitatu tofauti, kisha wote wakachaguliwa na timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, katika drafti (zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya) ya mwaka mmoja, 1994. Zipo shule za kulipia zenye viwanja vya kifahari ambazo hazijawahi kumtoa hata mchezaji mmoja wa kiwango hicho, seuze watatu kwa mkupuo.

Shule yenyewe haipo tena. Ilifungwa mwezi Juni 2012, wanafunzi wake wakagawanywa kwenye shule nyingine za mji, na eneo lake kando ya barabara ya Fort, upande wa kusini magharibi, baadaye likachukuliwa na kampuni ya vipuri vya magari.

Mimi sikusoma Southwestern. Nilizaliwa Tanga, nikahamia Detroit nikiwa mtu mzima, nikapata kazi katika kiwanda kisicho mbali na shule hiyo, na mpwa wangu niliyekuwa nikiishi naye ndiye aliyesoma pale hadi milango ilipofungwa. Baadaye, kwa njia nitakayoieleza, nikajikuta nimekuwa karani wa kujitolea wa kikundi kidogo cha watu waliowahi kuichezea shule hiyo katika michezo mbalimbali. Kwa hiyo nilichojifunza nimekipata kutoka pembeni, na kinatofautiana kidogo na hadithi inayosimuliwa zaidi. Hadithi hiyo inasikitika kwamba shule iliyowalea mabingwa imekufa. Mimi nimekuja kuamini kwamba mabingwa ndio waliopoteza kidogo kuliko wote, na kwamba hasara kubwa ilimwangukia mchezaji ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa popote ila kwenye ubao wa ukumbi wa shule.

Ili mtu aelewe, lazima kwanza aujue upande ule wa mji. Kusini magharibi mwa Detroit ni eneo la viwanda tangu mwanzo wa karne iliyopita: kuna Zug Island, ambako tanuri za chuma ziliwaka hadi mwaka 2020, kuna kiwanda cha kusafishia mafuta, kuna reli, kuna malori yanayovuka mpaka kwenda na kutoka Kanada, na kuna mtaa wa Delray ambao zamani ulikuwa wa Wahungari, kisha ukapokea watu weusi kutoka majimbo ya kusini, huku mitaa ya jirani ikijaa familia zenye asili ya Meksiko. Watoto wa watu hao wote walikutana Southwestern. Haikuwa shule ya kuchagua wanafunzi. Ilikuwa shule ya wanaoishi karibu. Hata daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, Ben Carson, ambaye baadaye alikuwa waziri wa nyumba wa Marekani, alihitimu hapo mwaka 1969, ingawa katika mikusanyiko ya wanamichezo jina lake hutajwa kwa sauti ya chini kidogo, kana kwamba udaktari si mchezo unaohesabika.

Timu iliyoifanya shule ijulikane ilijengwa na kocha Perry Watson, aliyeanza kuifundisha mwaka 1979. Katika miaka ya 1980 timu yake ilifika fainali ya jimbo mara kadhaa na kurudi mikono mitupu, jambo ambalo wazee wa pale hulisimulia kwa uchungu wa kweli hata leo. Antoine Joubert, aliyetangazwa mchezaji bora wa shule za sekondari wa Michigan mwaka 1983, alipita katika mikono yake na kwenda Chuo Kikuu cha Michigan bila kuonja ubingwa wa jimbo. Kisha shule nyingine ya Detroit, Cooley, ikalibeba taji la Daraja A mara tatu mfululizo, 1987, 1988 na 1989, kabla Southwestern haijalichukua 1990 na 1991. Nilipoyaweka matukio haya katika mstari mmoja kwa mara ya kwanza, nilisimamisha kalamu: miaka mitano mfululizo ubingwa wa jimbo zima ulikaa katika shule mbili za umma za mji mmoja, na zote mbili zimefungwa, Cooley mwaka 2010 na Southwestern miaka miwili baadaye.

Eisley alikuwamo katika ubingwa wa 1990 kisha akaenda Boston College. Lenard alikwenda Minnesota. Rose alikwenda Michigan mwaka 1991, mwaka uleule Watson naye alipoondoka Southwestern na kuwa kocha msaidizi katika chuo hichohicho. Huko Rose akawa mmoja wa vijana watano wa mwaka wa kwanza walioitwa Fab Five, waliofika fainali ya vyuo vikuu 1992 na tena 1993. Eisley alicheza fainali za NBA za 1997 na 1998 akiwa na Utah Jazz, Rose akacheza za mwaka 2000 akiwa na Indiana Pacers, na Lenard akashinda shindano la mitupo ya pointi tatu la mwaka 2004. Baba mzazi wa Rose, Jimmy Walker, alikuwa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa katika drafti ya NBA ya 1967, lakini mtoto alikua bila kukutana naye. Wanaomjua Rose tangu utotoni husema kwamba malezi ya uwanjani aliyapata kwa watu wa mtaani na shuleni kwake.

Kwa hiyo swali linalokuja haraka ni hili: shule yenye jina kama hilo ilifungwaje? Mwanzoni nilidhani ni jambo la kisiasa tu, la mtu fulani kuchukia mtaa fulani, na wapo wanaoamini hivyo mpaka leo. Lakini mke wangu alifanya kazi kwa muda katika jiko la shule moja ya mji huo, na ni yeye aliyenieleza habari za siku ya kuhesabu wanafunzi. Huko Michigan, tangu wapiga kura walipopitisha mabadiliko ya mwaka 1994 yanayoitwa Proposal A, fedha nyingi za uendeshaji wa shule za umma hutolewa na jimbo kwa kichwa cha kila mwanafunzi, na vichwa hivyo huhesabiwa katika siku maalumu mapema Oktoba, kisha tena Februari. Siku hiyo shule hufanya kila hila njema ili wanafunzi wafike: chakula cha pekee, bahati nasibu, simu kwa wazazi asubuhi na mapema. Mke wangu alisema siku hiyo jikoni walipika kama kuna arusi.

Nilipoelewa hilo, mengine yalijipanga yenyewe. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na wakazi wapatao milioni 1.85, sensa ya 2010 ilikuta 713,777. Katikati ya miaka ya 1960 shule za umma za mji zilikuwa na wanafunzi karibu 300,000, na kufikia mwaka ambao Southwestern inafungwa walikuwa chini ya 70,000. Wengine walihamia vitongoji, wengine wakabaki mjini lakini wakaingia shule za mkataba, zile zinazopokea fedha za umma na kuendeshwa na bodi zake zenyewe, ambazo sheria iliziruhusu tangu 1993. Kila mtoto aliyeondoka aliondoka na fungu lake. Jengo lililojengewa maelfu hupashwa joto kwa gharama ileile hata likiwa na mamia, na kwa majira ya baridi ya Michigan hilo si jambo dogo. Wilaya ya shule ilikuwa chini ya meneja wa dharura aliyeteuliwa na jimbo, mwenye madaraka ya kufunga shule bila kungoja kura ya bodi, na orodha za kufunga zilitoka karibu kila mwaka. Katika hesabu hiyo hapakuwa na safu ya vikombe.

Jambo hili halikuipata Southwestern peke yake. Jerome Bettis, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyekimbia yadi 13,662 katika maisha yake ya NFL, alisoma shule ya umma ya Mackenzie, magharibi mwa Detroit. Februari 2006 mchezo wake wa mwisho ulikuwa Super Bowl, yaani fainali ya ligi hiyo, ulichezwa Detroit kwao, timu yake ya Pittsburgh ikashinda, na mji mzima ukamshangilia kama bwana harusi. Mwaka uliofuata, 2007, Mackenzie ilifungwa, na 2012 jengo likabomolewa. Mwaka huohuo wa 2007 ilifungwa pia Northern, shule ya Derrick Coleman, aliyekuwa chaguo la kwanza la drafti ya NBA ya 1990. Mtu anaweza kukasirika kwa nini watu maarufu hawakufanya kitu, na nimewasikia wengi wakikasirika. Mimi huona kwamba swali hilo limeelekezwa pasipostahili. Tajiri mmoja anaweza kununua jezi, kutengeneza sakafu ya ukumbi, hata kulipia safari za timu kwa miaka, lakini hawezi kuwarudisha wanafunzi 2,000 waliohama mtaa.

Rose mwenyewe alifanya jambo lenye uzito zaidi ya jezi. Mwaka 2011 alianzisha shule ya sekondari ya mkataba kaskazini magharibi mwa mji, Jalen Rose Leadership Academy, isiyotoza karo na isiyochagua wanafunzi kwa mtihani. Katika kikundi chetu wapo wanaolisifu jambo hilo na wapo wanaosema, kwa sauti ya kulaumu, kwamba alijenga mpya huku ya kwake ikiwa karibu kufa. Nimewasikiliza wa pande zote mbili mara nyingi, kwa kuwa ndio mjadala wetu wa kudumu ukifika wakati wa kula. Naona wanaomlaumu wanasahau kwamba yeye hakuandika kanuni ya fedha, na wanaomsifu wanasahau kwamba kila mtoto aliyeingia shule mpya, yoyote ile, alipunguza kichwa kimoja mahali pengine. Hayo yote mawili ni kweli, na hakuna haja ya kumtafuta mkosaji.

Habari ya kufungwa Southwestern ilitufikia mapema mwaka 2012. Aprili mwaka huo wanafunzi wa upande ule wa mji walitoka madarasani kupinga kufungwa huko pamoja na hali ya masomo kwa jumla, na baadhi yao, walipoadhibiwa, wakaendesha masomo yao wenyewe katika bustani ya Clark Park. Mpwa wangu alikuwa kidato cha kumi kwa hesabu ya Kimarekani. Alikuwa mlinzi wa akiba katika timu ya pili ya mpira wa kikapu, yaani mchezaji wa akiba katika timu ya akiba, na nasema hivi bila kumdharau, kwa sababu nafasi hiyo ilikuwa ndiyo kitu kilichomwamsha asubuhi.

Tuliambiwa kwamba mwanamichezo ambaye shule yake imefungwa huruhusiwa kucheza katika shule mpya bila kukaa nje kwa muhula, kama ilivyomlazimu wakati huo aliyehama kwa hiari yake. Kanuni hiyo ni nzuri na ilitekelezwa. Lakini kanuni inampa mtu haki ya kujaribiwa, haimpi nafasi. Shule aliyohamia ilikuwa na walinzi wake iliowalea tangu wakiwa wadogo, kocha alikuwa anawajua kwa majina ya utani, na vijana kutoka shule iliyofungwa walifika kwa pamoja siku ya majaribio. Aliyekuwa nyota alichukuliwa siku hiyohiyo. Nyota hupokewa kila mahali, na kuna makocha waliompigia simu kabla hata barua ya kufungwa haijawafikia wazazi wote. Wa katikati walichukuliwa wachache. Mpwa wangu na wenzake wa benchi walishukuriwa kwa kuja, wakarudi nyumbani.

Kocha yule hakufanya kosa lolote, na ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Lakini ndipo nilipoanza kuona kazi ambayo timu ya shule ya mtaani huifanya kwa wasio na kipaji kikubwa. Southwestern ya miaka ile ya mwisho, yenye wanafunzi wachache, ilikuwa na nafasi kwa karibu kila aliyejitokeza. Mtoto aliyejua kwamba hatacheza zaidi ya dakika mbili alikuwa na mahali pa kuwa kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, alikuwa na mtu mzima anayeuliza alama zake za hesabu, na alikuwa akitazamia koti la timu lenye herufi ya shule kifuani. Baada ya kuhama, mpwa wangu alipanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, akifika nyumbani giza limeingia wakati wa baridi ilhali hakuna alichokuwa akikifanya huko ila masomo. Alimaliza shule, namshukuru Mungu, na sasa ni fundi wa mifumo ya kupasha joto nyumba, kazi yenye heshima na malipo mazuri. Koti la herufi hakulipata. Ukimwuliza leo alicheza wapi hujibu Southwestern, ingawa shule iliyo kwenye cheti chake ni nyingine.

Katika kiwanda chetu alikuwapo mzee mmoja wa zamu ya usiku aliyewahi kucheza Southwestern katika miaka ya 1970, kabla ya Watson na kabla ya vikombe. Aliposikia habari za mpwa wangu, alianza kunisimulia habari zake mwenyewe, na siku moja akaniambia jambo ambalo wakati huo niliona ni dogo: kwamba wajukuu wake hawaamini kuwa alicheza. Zamani angewapeleka shuleni na kuwaonyesha picha ya timu ukutani. Sasa ukuta haupo. Akaniuliza kama ninajua kutumia mashine za maktaba, kwa kuwa aliniona mara nyingi nikisoma gazeti wakati wa mapumziko.

Basi tukaanza kwenda Maktaba Kuu ya Detroit, iliyoko barabara ya Woodward, jengo jeupe la marumaru lililofunguliwa mwaka 1921, ambamo umo mkusanyiko wa kumbukumbu za mji uitwao Burton. Humo magazeti ya zamani yamehifadhiwa katika mikrofilamu: Detroit News, Detroit Free Press, na Michigan Chronicle, gazeti la watu weusi lililoanzishwa 1936. Kazi yenyewe inachosha macho. Unazungusha utepe hadi Januari ya mwaka unaoutaka, unatafuta kurasa za michezo, unashuka hadi chini kabisa ambako matokeo ya ligi ya shule za umma za mji yalipigwa chapa kwa herufi ndogo kama punje za mchele, na hapo unakuta jina la ukoo, mabao ya uwanjani, mitupo ya adhabu, jumla. Tulimpata. Alifunga pointi nne dhidi ya shule nyingine ambayo nayo imefungwa. Mtumishi wa maktaba alitutolea nakala, na mzee akaikunja akaiweka pamoja na leseni yake ya udereva.

Habari ilienea kiwandani, kisha kanisani kwake, na watu wakaanza kuniletea majina. Hivyo ndivyo nilivyopata ukarani huu. Tulikubaliana kuandika orodha ya kila mtu aliyewahi kuvaa jezi ya Southwestern katika mchezo wowote, tukianza na tunachoweza kukithibitisha, na hapo nikajifunza jinsi kumbukumbu za shule zinavyosimama kwa miguu isiyolingana. Alama za masomo hutunzwa na wilaya ya shule hata shule ikifungwa, na mhitimu wa Southwestern anaweza kuziomba ofisini kwao, maana sheria inadai hivyo na waajiri wanazihitaji. Michezo haina mlinzi wa namna hiyo. Kitabu cha kocha cha kuandikia pointi ni mali ya kocha, na kocha akifa hutupwa na watoto wake pamoja na magazeti ya zamani. Vitabu vya picha vya kila mwaka vimetawanyika majumbani, vingine vimeliwa na maji katika vyumba vya chini ya ardhi, kwa kuwa mafuriko ya Detroit huanzia humo. Chama cha michezo cha shule za sekondari cha jimbo kinayo kumbukumbu ya mabingwa na ya rekodi kubwa. Kwa hiyo juu ya timu ya 1991 nilijaza ukurasa katika jioni moja, lakini juu ya timu ya 1974, iliyokuwa na vijana wengi vilevile na mazoezi magumu vilevile, nimekuwa nikiokota jina mojamoja.

Kwa upande wa wasichana hali ni mbaya zaidi. Sheria ya shirikisho ya 1972 ilizuia ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na baada yake timu za wasichana ziliongezeka haraka, lakini magazeti hayakwenda na kasi hiyo. Nimepitia wiki nzima za miaka ya mwisho ya 1970 nikakuta matokeo ya wavulana yamejaa safu mbili na ya wasichana mistari mitatu, bila majina. Mama mmoja aliyecheza voliboli alituletea fulana yake, imepauka lakini namba inasomeka, pamoja na barua ya kocha wake. Kwetu huo ni ushahidi wa kutosha. Wapo waliotaka tudai gazeti, nikawauliza gazeti gani.

Ndugu zangu wa Tanzania, ninapowasimulia haya kwa simu, hushangaa jambo moja zaidi ya yote, nalo ni kwamba shule ya sekondari ya serikali katikati ya mji inaweza kufungwa kwa kukosa wanafunzi. Dar es Salaam tatizo la shule za umma ni msongamano, na mtu aliyesoma Azania au Tambaza ana hakika kwamba akipita barabarani ataikuta shule yake. Makongo, ambako Hasheem Thabeet alisoma kabla ya kwenda Marekani na kuwa chaguo la pili la drafti ya NBA ya 2009, bado ipo, na kijana anayecheza kikapu pale anaweza kuambiwa kwamba anapita alipopita yeye. Lakini ninapowauliza nani anatunza majina ya wachezaji waliokwenda mashindano ya shule za sekondari ya UMISSETA miaka 20 iliyopita na kurudi bila medali, wanacheka kwanza, kisha wananyamaza wakifikiri. Shule kuendelea kuwepo haina maana kwamba kuna anayeandika.

Orodha yetu sasa ni daftari nene na faili moja la kompyuta ambalo mpwa wangu alitutengenezea, na mgogoro tulio nao ni wa aina nisiyoitazamia. Baadhi ya wanachama wanataka orodha iwe ya wahitimu tu. Wanasema neno wahitimu lina heshima yake, kwamba tukiwaingiza walioacha shule kidato cha kumi au cha kumi na moja tutakuwa tunawaambia vijana kwamba kumaliza si lazima, na msemaji wao mkuu ni dada mmoja mstaafu aliyefundisha hesabu maisha yake yote, ambaye si rahisi kumpinga. Wengine wanasema timu ya mwaka fulani ilikuwa na vijana 12, na ukiwaondoa wanne waliokwenda kufanya kazi viwandani kabla ya kumaliza, matokeo ya mechi hayaeleweki, maana pointi zao zimo katika jumla. Mimi nipo upande huu wa pili. Yupo mmoja aliyeacha shule akiwa na miaka 17 ili alishe wadogo zake baada ya baba kuumia kazini, na alicheza mechi zote za msimu ule. Siwezi kumfuta kwa kosa ambalo si la uwanjani.

Mwaka huu tumefikia mapatano ya muda. Orodha itakuwa ya wachezaji wote, na pembeni kutakuwa na safu ya mwaka wa kuhitimu, itakayoachwa wazi kwa wasiohitimu bila maelezo yoyote. Dada mstaafu alikubali kwa sharti kwamba safu hiyo iwe ya kwanza kutoka kushoto, kabla ya jina la mchezo, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana naye tena. Vijana wa 2012, akiwamo mpwa wangu, wamewekwa chini ya mwaka ambao wangehitimu laiti shule ingebaki wazi, na hilo lilipita bila kura ya kupinga hata moja.